Anayekufa Jumapili, Anayefufuka Alhamisi

Trehelyg, 12 Septemba 1955

Mdogo wangu Idwal,

Salamu zangu zikufikie huko London, na zikukute umekula, maana nakujua: kazi ikikushika unasahau hata mkate. U hali gani? Kile kikohozi cha mwezi wa saba kimeondoka, au bado unakifukiza kwa sigara? Sisi huku tunaendelea kwa neema ya Mungu. Mama miguu humsumbua mvua ikinyesha, na huku kwetu ni lini hainyeshi? Elfed mume wangu bado anashuka mgodini zamu ya usiku, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Vitunguu liki vya bustani vimenenepa. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana, anahubiri kama mtu anayewahi treni.

Sasa neno lenyewe. Jana Shemasi Rowlands alisimama baada ya wimbo wa pili akasema yuko mwana wa kijiji hiki, aliyefundishwa Biblia kwenye mabenchi haya haya, ambaye sasa anakwenda kuwatisha watu kwa mazimwi kwenye televisheni, tena siku ya Bwana, tena saa ya ibada ya jioni. Jina hakutaja. Lakini shingo zote ziligeuka kutuangalia sisi, kama kuku walioona kivuli cha mwewe. Mama alikaza macho kwenye kitabu chake cha nyimbo, hakuyainua mpaka baraka.

Je, ni kweli, Idwal? Bi Ceinwen wa mlango wa pili, ambaye ana televisheni, anasema gazeti limeonya wenye moyo dhaifu wasitazame. Wewe unajua daktari alichosema juu ya moyo wa Mama: asishtuliwe. Nimeogopa. Naogopa kwa ajili ya moyo wake na kwa ajili ya roho yako, na sijui nianze kuombea kipi.

Ceinwen anasema mchezo utarudiwa kila Alhamisi. Basi mimi nitatazama Alhamisi, haina dhambi. Niambie kitu hicho kinahusu nini na kinaishaje, nijue ni wakati gani nimfunike Mama macho iwapo atanifuata. Na je, huko unakwenda kanisani?

Dada yako,
Tegwen


London, 27 Septemba 1955

Dada Tegwen,

Mpe Mama shikamoo yangu. Mimi ni mzima, kikohozi kimekwisha. Samahani kwa kuchelewa. Tangu asubuhi hadi usiku niko kwenye mazoezi.

Hadithi yenyewe ni hii. Kitu kinaanguka kutoka angani, kinaingia katika shimo la makaa ya mawe. Kila anayekisikia anapoteza sauti yake, mmoja baada ya mwingine. Profesa mzee anakwenda kusema nacho. Ni majuma sita. Mwisho siwezi kukuambia kwa sababu mwandishi hajauandika. Usicheke, ndivyo tunavyofanya kazi: wageni wamekaa mezani, sisi ndiyo kwanza tunawasha moto.

Profesa anaigizwa na Bwana Aubrey Fenner. Wakubwa hawakumtaka, walisema amezeeka. Nikawaambia bila yeye hakuna mchezo. Kwa hiyo, Dada, mzee yule akisimama, nami nimesimama. Akianguka, tumeanguka wote wawili, na sidhani kama kuna mtu atanipa tena kazi ya utayarishaji.

Jumapili si mimi niliyeichagua. Mwambie Shemasi hivyo.

Tafadhali usimruhusu Mama atazame.

Idwal


Trehelyg, 14 Oktoba 1955

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta salama, kwa maana sisi salama yetu imetikisika. Elfed mzima. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku la kofia. Swali la kanisa hukunijibu. Nimeliona hilo pengo, nimelinyamazia.

Idwal, jana nilikwenda kwa Ceinwen kutazama. Mama akasema atanisindikiza tu, hatatazama, atakaa afume soksi. Nikakubali. Laiti ningejua! Yule askari kijana alipoingia na tochi yake, Mama akaangusha sindano.

"Huyu si amekufa?"

"Bado, Mama," Ceinwen akasema. "Anakufa baadaye kidogo."

"Amekufa Jumapili! Nimemwona kwa macho yangu anatumbukia shimoni, akapiga kelele, akakatika sauti!"

Nikageuka. "Mama, Jumapili si ulikuwa kitandani na miguu?"

Hapo Ceinwen akakumbuka kwamba birika linamngoja jikoni.

Basi ndivyo nilivyojua. Sisi tukienda ibada ya jioni, Mama anajikokota kwa fimbo mpaka kwa Ceinwen. Kaanza tangu wiki ya kwanza. Ningemgombeza, lakini nilipomtazama uso ulikuwa mweupe kama unga. Askari yule akatumbukia tena, akapiga kelele tena, na Mama akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Nyumbani hakula. Aliniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika ukutani: "Tegwen, kijana wangu anafufua watu ili wafe tena. Lazaro alifufuliwa mara moja tu. Huyu atafufuliwa mara ngapi?" Nilimwambia ni mchezo. Akasema mchezo ungefanana. Hii haikufanana. Jumapili askari alianguka kwa mgongo, Alhamisi kwa ubavu. Na Jumapili profesa alipanda ngazi ya mnara wa mgodi akasemea juu. Alhamisi alisema maneno yale yale akiwa chini, ameshika meza.

Usiku mzima namsikia anaomba. Anamwombea nani, sijui. Tafadhali tufafanulie, maana mimi mwenyewe sielewi, na nimeanza kuogopa kugeuza shingo gizani.

Tegwen


London, 19 Oktoba 1955

Dada,

Nimecheka mpaka karani akaja kuchungulia. Maskini Mama! Mwambie hakuna aliyefufuka. Yule askari ana mke na watoto wawili, na baada ya kufa hunywa bia.

Ni hivi. Mchezo wetu hauhifadhiwi. Tunachokifanya Jumapili kinakwenda hewani saa ile ile watu wanapokitazama, na kikishapita kimepita, kama moshi. Alhamisi tunarudi wote, na nguo zile zile na nyumba zile zile za mbao na turubai, tunaigiza upya tangu mwanzo. Ndiyo maana kijana alianguka kwa ubavu. Mimi nakaa juu, kwenye chumba cha kioo, mbele yangu vioo vidogo vinavyoonyesha kila kamera inaona nini. Nasema, wapiga kamera wananisikia masikioni. Tukishaanza hatuwezi kurudi nyuma. Mtu akisahau maneno, amesahau mbele ya nchi nzima. Ndiyo kazi, Dada. Ni kama kuvuka mto kwa kamba, mara mbili kwa wiki.

Habari ya ngazi: ngazi iliharibika. Msumari ulilegea Alhamisi mchana, hatukupata nafasi ya kuitengeneza. Basi.

Mama asitazame tena. Nasema kwa upendo.

Idwal


Trehelyg, 28 Oktoba 1955

Idwal wangu,

Nakusalimu katika Bwana, nikiomba barua hii ikukute na nguvu. Hapa baridi imeingia. Elfed aliumia kidole, si sana.

Nilimsomea Mama barua yako. Habari ya askari ilimtuliza, akala mayai mawili. Kisha akasema, "Soma tena hapo kwenye ngazi." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Akavua miwani.

"Mwandikie hivi. Alhamisi ile ile, yule msichana katibu wa profesa alipanda ngazi hiyo hiyo na sinia ya chai mkononi. Msumari umelegea kwa mtu mmoja?"

Nami, Idwal, nilimwona yule msichana.

Sasa nisikilize. Sisi kijijini tumegawanyika: kuna watu wa Jumapili wasiomcha Mungu, na kuna watu wa Alhamisi. Kila kundi limemwona yule mzee mara moja tu kwa wiki. Ni Mama peke yake, kwa dhambi yake, anayemwona mara mbili. Anasema Jumapili hucheza. Alhamisi hachezi. Alhamisi anahema kwa mabega, midomo imebadilika rangi, na kila wiki ni zaidi ya wiki iliyopita. "Anaishika meza," Mama anasema, "kama baba yenu alivyoishika mwaka mzima kabla hajaangukia kitanda alichofia, akituambia anapenda tu kusimama." Mficha maradhi, kilio humuumbua. Huyo mzee anakufa, Idwal, na wewe unajua. Ulimwondolea ngazi kwa sababu unajua.

Kwenye maombi ya Jumatano nilisimama nikamwombea kwa jina. Shemasi akafumbua macho.

"Fenner ni nani? Wa ukoo gani?"

Kabla sijajibu, Bi Morfydd wa nyuma yangu akasema, "Ni profesa, Shemasi. Yule anayepanda ngazi."

Shemasi akamgeukia taratibu. "Nani kakwambia alipanda ngazi?"

Watu wa Alhamisi wote tukajua papo hapo Morfydd hukaa wapi Jumapili jioni. Pangekuwa pa kucheka, lakini sikucheka. Nilikuwa naona ile meza.

Mpumzishe. Mtafute mwingine. Usingoje.

Dada yako,
Tegwen


London, 2 Novemba 1955

Dada Tegwen,

Usimsomee Mama hii.

Ni kweli. Moyo wake umechoka. Daktari alimwambia mwezi wa nane, na yeye akaniambia mimi peke yangu, juma la pili, tukiwa tumesimama nyuma ya turubai. Alinishika koti. "Ukiniondoa," alisema, "sitaishi zaidi. Nitaishi vibaya tu. Nina chumba kimoja na dirisha linalotazama ukuta. Usinirudishe kule kabla ya kumaliza." Ningesema nini? Miaka minane hakuna aliyempa kazi. Nilimtafuta mimi.

Mwisho umeandikwa. Ni yeye peke yake mbele ya mdomo wa shimo, anasema na kile kitu. Maneno marefu, hakuna msichana, hakuna askari, hakuna meza. Nimewaambia mafundi waweke uzio wa mbao ili apate pa kushika. Nimewaomba wakubwa wapunguze maneno, wakakataa. Nikisema kwa nini, watamwondoa usiku huo huo na kumweka kijana mwenye nywele nzuri.

Zimebaki mara mbili tu. Jumapili, na Alhamisi. Akivuka hizo amevuka, nami nitampeleka mwenyewe baharini akapumzike.

Dada, kila mara taa zinapowaka naogopa kiasi kwamba sihisi vidole. Swali lako la kanisa: hapana. Lakini kwenye chumba kile cha kioo nasali, kama hilo nalo linahesabiwa.

Idwal


Trehelyg, 11 Novemba 1955

Idwal, Idwal,

Sina salamu ndefu. Sisi wazima. Wewe je? Yeye je? Nimepiga simu kutoka posta mpaka sauti ikakauka. Msichana wa huko kwenu nikikuulizia ananiambia "Bwana Probert hapatikani," kama anayesema mvua imenyesha.

Nakueleza tulichoona, ili nawe uniambie nini hatukukiona.

Jumapili sikwenda kanisani. Miaka yote hii, na sikwenda. Nilimshika Mama mkono tukatoka mlango wa nyuma kama wezi. Nikamwona mzee wako kwenye uzio, akasema maneno yote, mazuri, mpaka Ceinwen akalia. Nikasema asante Mungu, amevuka mara moja.

Jana sebule ya Ceinwen ilijaa, watu wa Jumapili na wa Alhamisi pamoja, aibu imekwisha. Hata mke wa Shemasi alikuja "kurudisha bakuli". Mzee akatokea. Akaanza vizuri. Akafika pale anaposema, "Mimi ni mzee, na nimekuja peke yangu," akanyamaza.

Watu wakavuta pumzi. Kamera ikamsogelea. Uso wake ukajaza kioo chote. Mke wa Shemasi akanong'ona, "Ama kweli anajua kuigiza." Mimi nikajua. Mwili wangu wote ulijua, lakini nilikaa, Idwal, kama niliyeshonewa kitini. Alikuwa anatutazama. Hakuwa anakitazama kile kitu, alikuwa anatutazama sisi, na midomo yake inatafuta.

Na Mama akasimama. Bila fimbo. Akakiendea kioo, akakipiga kwa kiganja, akapaza sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto tukicheza kisimani:

"Idwal! Mtoe! Mtoe huyo mzee!"

"Mama, hakusikii," Ceinwen akamshika.

"Atanisikia! Idwal!"

Ndipo picha ikakatika. Ikaja picha nyingine, bata maji wanaogelea mtoni, na muziki wa vinanda. Tukakaa tunatazama bata. Hakuna aliyethubutu kuzima. Baadaye sauti ya mtu ikaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, na Mama akasema, "Mitambo!" akatema mate ndani ya leso.

Tangu jana amekaa dirishani na shali yake. Moyo wake unakwenda mbio, daktari amekuja mara mbili. Kila akisikia hatua za tarishi anasema, "Ni yeye." Niambie lolote. Hata baya. Baya tunaliweza kuliko bata.

Tegwen


Trehelyg, 2 Desemba 1955

Mdogo wangu,

Sijui hata nikusalimu vipi mtu nisiyejua alipo. Barua yangu imerudi, mwenye nyumba wako ameandika juu yake kwamba umehama. Hii naituma kazini kwako, labda kuna mwenye huruma.

Mama ni mzima, anakula kidogo. Gazeti la Elfed limeandika kwamba ule ukimya wa Alhamisi ulikuwa jambo la kutisha kuliko yote yaliyowahi kuonyeshwa, na kwamba wewe ni hodari. Hawakuandika kama mzee yule yu hai. Nimelisoma mara nyingi nikidhani macho yangu yameruka mstari.

Mama ameniuliza jambo ambalo siwezi kulala nalo. Ameuliza: "Ile picha ya bata, nani aliiweka? Idwal au mtu mwingine?"

Ni hilo tu. Ni wewe, au mtu mwingine?

Tegwen


London, 6 Januari 1956

Dada Tegwen,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Elfed na kwa Mama. Mimi ni mzima. Nisamehe kwa kukuacha gizani. Nimeanza barua hii mara nyingi.

Ni mimi.

Bwana Fenner yu hai. Upande mmoja wa mwili umekufa, na hasemi. Yuko katika hospitali iliyo jirani na kazini kwetu, wodi ya wanaume. Hana ndugu. Nakwenda kila siku namsomea magazeti, naye ananitazama.

Sasa lile lingine, kwa kuwa uliuliza wewe, na kwa kuwa Mama aliuliza.

Aliponyamaza nilijua mara ile. Mtu wa kunong'oneza maneno alimnong'onezea, hakuyachukua. Mpiga kamera akamsogelea bila mimi kumwambia. Alisogea kwa sababu ule uso ulimwita. Nilikuwa na kamera nyingine tayari. Nilikuwa na bata tayari. Mkubwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani. "Usiguse kitu," alisema. "Nchi nzima imeshika pumzi."

Sikugusa. Unataka kujua kwa muda gani? Nilikuwa nimeanza kusali Baba Yetu, kama kawaida yangu mle ndani. Nilifika "mkate wetu wa kila siku" ndipo nikasema toa picha, leteni daktari. Kisha nikakimbia chini.

Dada, mkubwa hakunizuia kwa nguvu. Mkono wake haukuwa mzito. Kinachoniogopesha ni kingine. Kabla sijasema, nikiwa namtazama mzee yule kwenye kioo kidogo, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikuwa nimengoja maisha yangu yote kuona kitu kama kile. Nilijua anakufa, na nikaona ni kizuri. Vyote viwili kwa wakati mmoja. Tangu hapo sijui ndani yangu anakaa nani.

Barua za watazamaji zilikuja kwa magunia. Hawakunifukuza. Wamenipa mfululizo mwingine, mkubwa zaidi, unaanza Pasaka. Mkubwa alisema, "Tunataka ukimya ule tena." Nikamuuliza, "Wa mzee gani?" Akacheka, akadhani natania.

Nimeambiwa nijibu kabla ya mwisho wa mwezi. Sijajibu. Baadhi ya siku naamka nimekwisha kukubali.

Usiandike kwenye anwani ya zamani, nimeondoka pale. Nikitulia nitakujulisha.

Idwal


Trehelyg, 13 Januari 1956

Mdogo wangu Idwal, mtoto wa mama yangu,

Barua yako imefika na Mungu ashukuriwe. Hujambo? Nakuuliza kwa dhati, usinijibu "mzima" kama unayemjibu mtoza kodi. Sisi tupo. Theluji imefika dirishani. Elfed yuko nyumbani wiki hii, mgodi umefungwa kwa maji, anapika supu ambayo hata paka ameikataa. Bwana Fenner namtumia salamu zangu pia. Barua hii naipeleka hospitalini kwa jina lake, kwa kuwa wewe hukuniachia anwani. Wakimfungulia, basi asome, hatuna siri naye.

Nilimsomea Mama yote. Uliniambia zamani nisimsomee, nikatii mara moja, sitatii mara ya pili. Alisikiliza ameweka mikono mapajani. Nilipofika pale pa sala akasema, "Alifika wapi?"

Nikasema, "Mkate wetu wa kila siku."

Mama akafumba macho, akaanza Baba Yetu polepole, kwa sauti, mkono kifuani. Alipofika hapo kwenye mkate akakomea. Mimi nilisikia saa ya ukutani na pumzi yangu mwenyewe, nikaogopa atakachosema kuliko nilivyoogopa siku ile ya bata.

"Ni mbali," alisema.

Halafu: "Lakini hakufika Amina."

Jioni alikula.

Juu ya kazi hiyo mpya, mimi ni mwanamke wa darasa la sita na Biblia, sijui kukushauri mambo ya London. Ukiikubali sitakulaani. Ukiikataa sitasema umeokoka. Hiyo furaha yako imenitisha, sikufichi. Niliisoma nikafunga mlango kwa komeo mchana kweupe, kana kwamba imo njiani inakuja. Kisha nikafikiri: mwenye kuogopa kilichomo ndani yake bado yumo ndani yake mwenyewe. Aliyehamwa na nafsi yake haogopi tena. Lakini usikae peke yako nacho, Idwal. Hicho ndicho ninachokukataza kama dada yako mkubwa. Mtu asikae peke yake chumbani na jambo kama hilo, asije akaamka siku nyingine amekwisha kukubali.

Mama amesema Bwana Fenner akiruhusiwa kutoka, aje hapa. Chumba cha mbele kina kitanda, na Mama amemuuguza mume asiyeweza kusema miezi mitano. Elfed amekwisha kukitazama, anasema mlango unapitisha machela. Basi yeye ana pa kulala.

Wewe unalala wapi?

Nimeisoma barua yako nikitafuta, sikuona. Umesema umeondoka, hukusema umefika. Niambie mtaa, niambie nyumba, niambie kama kuna moto na kama kuna mtu anayekusikia ukikohoa. Usiniambie lingine lolote kama hutaki, ila hilo.

Tafadhali jibu upesi.

Dada yako,
Tegwen